Mtoto ametanguliza makalio: ageuzwe, upasuliwe au uzae kawaida? Ulinganisho kwa wajawazito wa Mtwara na Lindi

Ukiambiwa kliniki kwamba mtoto ametanguliza makalio na mimba imefika wiki 36, kabla jua halijazama kila mtu wa ukoo atakuwa na lake la kusema. Mama mkwe anataka aitwe bibi wa kukanda tumbo. Wifi aliyejifungulia Dar anasema usicheze, kapasuliwe. Jirani anakuhesabia wanawe waliotoka miguu kwanza na leo wako shule. Mume anawaza nauli. Mjomba, ambaye kwa Wamakonde na Wamwera neno lake juu ya mtoto wa dada yake ni zito, anasubiriwa arudi shamba. Wewe uko katikati yao, na wiki zilizobaki ni chache.

Mimi ni mkunga, na kazi hii nimeifanya huku huku kusini. Nitaziweka njia zilizopo sambamba, na pale ninapoona njia moja inaizidi nyingine nitasema. Jambo moja nalitanguliza kwa sababu linabeba yote yanayofuata: huku kwetu, umbali wa chumba cha upasuaji na uzoefu wa mikono itakayokupokea vina uzito kuliko jina la njia utakayochagua. Amua kwanza utakuwa wapi uchungu ukianza, halafu ndipo uamue mtoto atoke kwa njia gani.

Kwanza ujue amekaaje

Mimba ya wiki 28, karibu mtoto mmoja kati ya wanne au watano huwa kichwa chake kiko juu, na wengi hujigeuza wenyewe maadamu nafasi ipo. Mimba ikikomaa wanabaki 3 au 4 katika kila 100. Kwa hiyo mama wa miezi sita akiambiwa mtoto amekaa hivyo, mimi humwambia aendelee na shughuli zake na asikose hudhurio. Wiki ya 36 hesabu hubadilika. Kwa mwenye mimba ya kwanza ambaye mtoto bado makalio yako chini wiki hiyo, uwezekano wa mtoto kujigeuza ni kama 8 katika 100. Aliyekwisha kuzaa ana nafasi kubwa zaidi, kwa kuwa misuli ya tumbo na kizazi imelegea.

Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mahudhurio manane ya kliniki, na mojawapo ni la wiki ya 36. Hilo usilikose hata kama korosho zimeiva na kila mkono unahitajika. Mwenyewe unaweza kuhisi dalili: kitu kigumu cha mviringo chini ya mbavu, mateke yanayopiga chini karibu na kibofu. Mkunga naye husikia mapigo ya moyo juu ya kitovu chako badala ya chini yake. Lakini mikono hukosea, hata iliyozoea, hasa maji yakiwa mengi au mama akiwa mnene. Omba ultrasaundi. Hiyo ndiyo itakayoonyesha mlalo kwa uhakika, kondo limejishikiza wapi, maji ni kiasi gani, na mtoto anakadiriwa kuwa na kilo ngapi. Bila hayo hakuna wa kukushauri kwa haki, daktari wala shangazi.

Uliza pia miguu iko wapi. Watoto wengi wa namna hii, kama wawili kati ya watatu, wameketi makalio chini na miguu imenyooka kuelekea usoni. Wengine wamekunja magoti kama mtu aliyekaa mkekani. Wapo waliotanguliza mguu mmoja au yote miwili, na hao ndio wanaonipa wasiwasi zaidi: mguu hauzibi njia, hivyo chupa ikipasuka kamba ya kitovu cha mtoto huweza kuteleza na kutoka kabla yake. Kitovu kikibanwa, mtoto anakosa hewa.

Sababu za mtoto kukaa hivi ni nyingi: mapacha, maji mengi au machache mno, uvimbe kwenye kizazi, kondo lililokaa chini, umbo la kizazi chenyewe, uzao wa mara nyingi, na mara chache hitilafu ya mtoto. Mara nyingi zaidi hakuna sababu inayoonekana. Namna ulivyolala haimo. Ugomvi na mumeo haumo. Nimewakuta kina dada wanaolaumiwa na ukoo mzima kwa jambo ambalo hawakulifanya, na inaniuma kila ninapoliona.

Ya nyumbani: magoti, barafu na bibi wa kukanda

Kupiga magoti na kuinamisha kifua chini huku kiuno kikiwa juu, mara kadhaa kwa siku, ni zoezi linaloshauriwa sana. Tafiti zilizokusanywa pamoja hazijaonyesha kwamba linageuza watoto kuliko kukaa bila kufanya lolote. Halidhuru. Likikutuliza moyo, lifanye, mradi lisikuzuie kwenda hospitali siku uliyopangiwa. Barafu juu ya tumbo, tochi na muziki chini ya kitovu navyo havina uthibitisho.

Kukandwa ni jambo jingine. Hao bibi nawaheshimu. Wengi wetu tulipokelewa duniani na mikono yao. Hata hivyo bibi hajui kondo liko wapi. Anaposukuma, hasikii kama moyo wa mtoto umepunguza mwendo. Kondo likiachia ukutani, mama anavuja damu, wakati mwingine ndani kwa ndani bila kuonekana nje, na mtoto anaweza kufa kabla bodaboda haijafika barabara kuu. Hayo ndiyo yanayonifanya nikatae moja kwa moja. Kadhalika dawa za kienyeji za kuongeza uchungu: mtoto aliyetanguliza makalio hataki kuharakishwa na kizazi kinachobana bila mpangilio.

Huwa naulizwa: mbona hospitali nao wanasukuma tumbo vilevile? Swali ni la haki, na jibu lake ni sehemu inayofuata.

Kugeuzwa kwa mikono hospitalini

Hii ndiyo njia ambayo akina mama wengi wa huku hawajaisikia kabisa, na kwangu ndiyo ya kuulizwa kwanza. Daktari au mkunga aliyefundishwa anaweka mikono juu ya tumbo, anayainua makalio ya mtoto yatoke kwenye nyonga, kisha anamsukuma taratibu azunguke mpaka kichwa kishuke. Kabla ya hapo wanapiga ultrasaundi, wanasikiliza moyo wa mtoto kwa muda, na mara nyingi wanakuchoma sindano ya kulegeza kizazi. Tebutalini ndiyo inayotumika sana. Baada ya kazi wanasikiliza moyo tena kwa muda mrefu. Ikiwa kundi lako la damu ni hasi, kuna sindano maalumu ya kukukinga ambayo usiondoke bila kuipata, kwa ajili ya mtoto huyu na wanaokuja. Chumba cha upasuaji kiwe karibu na tayari. Tofauti na mkeka wa bibi iko hapo.

Wakati wake ni kuanzia wiki 36 kwa mimba ya kwanza na wiki 37 kwa aliyekwisha kuzaa. Mapema zaidi, mtoto hurudi alikotoka. Hufaulu kwa karibu nusu ya wanaojaribu: kama 40 kati ya 100 kwa mimba ya kwanza, na kama 60 kwa waliozaa. Waliogeuzwa wakarudi tena ni kama 3 kati ya 100. Hatari ya kulazimika kupasuliwa kwa dharura papo hapo ni kama mama 1 kati ya 200. Wala usidhani ni mambo ya Ulaya tu: jaribio lililofanywa Harare na kuchapishwa 1991 lilionyesha kuwa kugeuza watoto mimba ikiwa imekomaa kulipunguza waliofika leba wakiwa makalio chini na kupunguza upasuaji.

Inauma? Inabana, na kwa wengine inauma kweli. Inachukua dakika chache. Mwambie daktari aache ukishindwa kuvumilia. Aache mara moja, na hilo ni haki yako.

Hawafai kugeuziwa: aliyetoka damu hivi karibuni, mwenye kondo lililofunika njia, aliyepasuka chupa, mwenye mapacha, na ambaye mapigo ya mtoto hayaridhishi. Mwenye kovu la upasuaji mmoja si lazima akataliwe, lakini hilo ni la daktari bingwa kuamua naye, si la zahanati.

Shida kubwa ni kumpata anayeifanya. Si kila hospitali ina mtu mwenye uzoefu, na kuwepo kwa daktari bingwa si lazima kuwe na huduma hii. Uliza waziwazi: "Hapa kuna anayegeuza mtoto kwa mikono, na ni siku gani?" Uulize hospitali ya Ligula kama uko Mtwara mjini, ya Sokoine kama uko Lindi, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mitengo. Kwa watu wa Masasi, Nachingwea na Ruangwa, hospitali za misheni za Ndanda na Nyangao ziko kwenye barabara ile ile ya kutoka Masasi kwenda Mingoyo. Uliza wiki ya 34 au 35, maana wiki ya 36 ukianza kuhangaikia rufaa na nauli utajikuta uko 38.

Operesheni ya kupangwa

Unapangiwa tarehe, kwa kawaida wiki ya 39. Kabla ya hapo mapafu ya mtoto huweza kusumbua, kwa hiyo usikubali kuwahishwa bila sababu ya kitabibu. Unachomwa sindano mgongoni, uko macho, husikii maumivu kuanzia kifuani kwenda chini, na mtoto anatoka ndani ya dakika chache tangu waanze kukata. Kushona ndiko kunakochukua muda. Siku kadhaa wodini, kisha wiki kama sita kabla mwili haujarudi kwenye kazi nzito. Wiki sita bila ndoo ya maji kichwani na bila jembe. Watu wa nyumbani waambiwe hilo mapema, tena mbele ya mumeo, ili lisije likageuka kuwa maneno.

Kwa mtoto aliyetanguliza makalio, hii ndiyo njia yenye hatari ndogo zaidi kwa mtoto wa mimba hii. Jaribio kubwa lililochapishwa 2000, likiwa na wanawake 2,088 katika nchi 26, lilikuta watoto waliofariki au kuumia vibaya ni 1.6 kati ya 100 kwa waliopangiwa operesheni, na 5.0 kwa waliopangiwa kuzaa kawaida. Baada ya hapo hospitali nyingi duniani ziliacha kabisa kuzalisha makalio. Lakini utafiti ule haukuishia hapo. Katika nchi zenye vifo vingi vya watoto wachanga tofauti ilikuwa ndogo zaidi, 2.9 kwa 4.4, na watoto walipofuatiliwa hadi miaka miwili, waliofariki au kuchelewa kukua kiakili hawakutofautiana kati ya makundi hayo mawili.

Upande wa mama nao uwekwe mezani bila kumtisha mtu. Utafiti wa nchi 22 za Afrika uliochapishwa 2019 ulikuta mama kama 5 katika kila 1,000 waliopasuliwa walifariki, kiwango kikubwa mno kuliko cha nchi tajiri. Wengi wa wanawake wa utafiti huo walipasuliwa kwa dharura, wamefika wamechoka au wamevuja damu. Operesheni ya asubuhi, damu ikiwa imeandaliwa na mama ana nguvu zake, haifanani na ya saa nane usiku baada ya safari ya pikipiki.

Halafu kuna kovu. Kizazi kilichoshonwa hakisahau. Ukipata mimba nyingine na kujaribu kuzaa kawaida, hatari ya kovu kuachia ni kama 1 kati ya 200, na kondo la mimba inayofuata huweza kujishikiza vibaya juu ya kovu hilo. Kwa mama wa mjini anayeishi jirani na hospitali, hesabu hii ni nyepesi. Kwa mama wa kijiji cha ndani Liwale anayetaka watoto wengine wanne, ni nzito, kwa sababu kila uzazi kuanzia sasa lazima uwe penye chumba cha upasuaji.

Kuzaa kawaida, makalio kwanza

Inawezekana. Ilifanyika miaka yote kabla ya 2000, na uchunguzi wa Ufaransa na Ubelgiji uliochapishwa 2006, wa wanawake zaidi ya 8,000, ulionyesha kuwa pale mama wanapochaguliwa kwa uangalifu na leba ikasimamiwa vizuri, matokeo ya watoto hayakutofautiana na ya upasuaji. Maneno ya kushika ni hayo mawili: kuchaguliwa, na kusimamiwa.

Anayefaa ni mama ambaye mtoto wake ameketi makalio chini au amekunja magoti, si aliyetanguliza mguu. Kidevu kimeinama kifuani, kichwa hakijarudi nyuma. Mtoto si mdogo mno wala mkubwa mno, tuseme kati ya kilo 2.5 na 3.8, nyonga ni ya kutosha, na uchungu umeanza na kuendelea wenyewe. Aliyekwisha kuzaa mtoto mkubwa kwa njia ya kawaida ana faida. Leba ikisimama, haisukumwi kwa dripu ya kuongeza uchungu, anapelekwa kupasuliwa. Hata katika hospitali zilizojiandaa, kama 40 kati ya 100 waliopanga kuzaa hivi huishia kwenye operesheni, kwa hiyo usiichague ukidhani umeukwepa kisu.

Hatari iko mwishoni. Makalio hutoka, mwili hutoka, kisha kichwa, ambacho ndicho kikubwa kuliko vyote, hubaki cha mwisho kupita, na kitovu kimebanwa. Mkunga anayejua hakimbilii kuvuta. Anaacha mikono mbali mpaka mwili ujiteremshe, anazungusha mabega, anaongoza kichwa kikiwa kimeinama. Asiyejua huvuta, mikono ya mtoto hupanda juu, kichwa huinuka na kukwama. Niseme lililo moyoni: ujuzi huu umepungua kwa wakunga vijana, kwa sababu wamefundishwa kwamba makalio ni rufaa na basi. Rufaa ni sawa. Lakini mama akifika zahanati makalio yameshaonekana, rufaa haina nafasi tena, na aliyepo lazima ajue. Ningetamani kila zahanati ya wilaya hizi ifanye mazoezi haya kwa mwanasesere kila mwaka.

Zikiwekwa sambamba

Ukimtazama mtoto wa sasa peke yake: wataalamu wa uzazi wa Uingereza hukadiria vifo vya watoto kuwa kama 0.5 katika 1,000 kwa operesheni ya kupangwa baada ya wiki 39, kama 1 katika 1,000 kwa mtoto aliyetanguliza kichwa akizaliwa kawaida, na kama 2 katika 1,000 kwa makalio kwa njia ya kawaida. Hizo ni hesabu za hospitali zao. Zetu haziwezi kuwa ndogo hivyo, lakini mpangilio, nani juu na nani chini, unasaidia kuelewa. Mtoto aliyegeuzwa akakubali anaingia kundi la katikati.

Ukimtazama mama wa sasa: kugeuzwa kukifaulu ndiko kunakomwacha na mwili mzima. Kuzaa makalio kukienda vizuri kunafuata. Operesheni ya kupangwa ni ya tatu, na ya dharura iko nyuma kabisa ya zote.

Ukimtazama mama wa mimba ijayo, mpangilio ni huo huo, ila pengo linakuwa kubwa zaidi.

Pesa. Sera ya serikali inasamehe gharama za uzazi katika vituo vyake, ila jiandae kwa vifaa utakavyoambiwa uje navyo, nauli, chakula chako na cha msindikizaji. Hospitali za misheni hutoza. Uliza bei ya kujifungua kawaida na ya operesheni siku moja, uandike. Kugeuzwa kuna safari moja ya ziada, na kwa wanaotoka Tandahimba au Kitangari hiyo safari si ndogo. Bado ni nafuu kuliko wiki moja ya wodi. Mimba inayokomaa Oktoba hadi Desemba hukuta minada ya korosho imeanza na pesa ipo. Inayokomaa Machi au Aprili hukuta mfuko mtupu na barabara zimelowa, kwa hiyo akiba yake iwekwe msimu uliotangulia.

Twende Dar?

Wengi huona Muhimbili ndiyo suluhisho. Kutoka Mtwara ni zaidi ya kilomita 500, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopiga, barabara ya Lindi kwenda Dar ilikatika Kilwa kwa siku kadhaa. Mama wa wiki 38 mwenye mtoto aliyetanguliza mguu hapaswi kuwa ndani ya basi huko. Kama una ndugu Dar na unataka kwenda, nenda kabla ya wiki ya 34 na uanze kliniki huko. Baada ya hapo, kwa maoni yangu, hospitali nzuri ya kusini iliyo karibu inaishinda hospitali kubwa iliyo mbali.

Ningekushauri nini

Mimba ya kwanza, unakaa Mtwara au Lindi mjini, mtoto ameketi makalio chini: omba kugeuziwa wiki ya 36 au 37. Ikishindikana, panga operesheni ya wiki 39 na uende ukiwa na amani. Nafasi ya mtoto kujigeuza baada ya jaribio kushindwa haifiki 5 katika 100, lakini wapige ultrasaundi asubuhi ile ile ya operesheni. Wapo waliopelekwa kupasuliwa kumbe kichwa kimeshashuka.

Umeshazaa mara tatu au nne na unaishi mbali, Liwale, Nanyamba au ndani ya Newala: wewe ndiye unayefaidika kuliko wote na kugeuzwa, kwa sababu kunafaulu zaidi kwako na kovu litakugharimu zaidi. Fanya kila njia ulipate jaribio hilo. Kisha, lifaulu lisifaulu, wiki ya 38 hamia karibu na hospitali, kwa ndugu au kwenye nyumba ya kusubiria wajawazito kama hospitali hiyo inayo. Likishindikana, kuzaa kawaida kunaweza kuzungumzwa na daktari, kwa masharti yote niliyoyataja na si pungufu hata moja. Daktari akisema hana timu ya kufanya hivyo usiku, kubali operesheni.

Una kovu tayari, au mtoto ametanguliza mguu: mimi ningelala upande wa operesheni ya kupangwa. Kondo likiwa limefunika njia, hakuna kingine cha kulinganisha.

Na anayetia sahihi ni wewe. Mjomba ashirikishwe, mume ashirikishwe, waje kliniki wamsikilize daktari kwa masikio yao. Lakini mwenye tumbo asisubirishwe mpaka kikao kipatikane.

Uchungu ukiwahi kabla ya tarehe

Chupa ikipasuka, ondoka hapo hapo hata kama hakuna uchungu. Piga 115, namba ya bure ya m-mama, huduma ya usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, useme kwanza kabisa kwamba mtoto ametanguliza makalio. Ukihisi kitovu cha mtoto kimetoka ukeni, piga magoti, kifua chini na makalio juu, ukae hivyo hivyo ndani ya gari. Kisirudishwe ndani na mtu asiyejua. Mtoto akianza kutoka njiani, asivutwe na yeyote. Vituo vya afya vingi siku hizi vina chumba cha upasuaji, ila mchana wa leo, kabla hujahitaji, muulize mganga mfawidhi kama usiku kuna mtaalamu wa usingizi na damu.

Mtoto akishazaliwa, kwa njia yoyote ile, usishtuke miguu yake ikikaa imepanda kuelekea usoni kwa siku kadhaa. Itashuka. Kinachotakiwa kuangaliwa ni nyonga: watoto waliomaliza mimba makalio chini, hata waliogeuzwa, na hasa wa kike, wana hatari zaidi ya nyonga kutokaa sawasawa. Siku ya chanjo ya wiki 6 mkumbushe muuguzi alivyokuwa amekaa tumboni, aikague miguu kama inatanuka sawa na kama urefu ni mmoja, na uombe ultrasaundi ya nyonga panapopatikana. Usimfunge miguu ikanyooka kwenye nguo. Shingo ikishakaza, mbebe mgongoni kwa kanga kama walivyotubeba mama zetu, miguu imetanuka kiunoni kwako. Mkao huo unazifaa nyonga zake.